Kamba Juu ya Kichuguu

Wamaza, Jumatatu 6 Januari

Leo nimechapwa viboko vinne kabla jua halijawa kali. Kosa langu ni masuke niliyoyaruka.

Tuko wanawake wanane katika likilimba yetu: leo tunavuna kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka wote wafikiwe. Mpunga tunaukata suke moja moja kwa kisu kidogo, tumejipanga mstari mmoja, na kila mtu ana njia yake ya kukata mpaka mwisho wa shamba. Nyuma yetu anatembea kapita, msimamizi wetu na mmoja wa wanane, Mama Marcelline, na fimbo mbichi. Ukiacha pengo unapata kimoja cha mgongo. Kila mtu hupata kimoja au viwili kwa siku, watu hucheka, na aliyepigwa hucheka nao. Mimi humzidi kila mmoja wao. Leo, katikati ya njia yangu, nilikumbuka kwamba niliacha chungu cha sombe motoni, nikawaza moto, nikawaza nyumba ya dada yangu iliyoungua, na mikono ikabaki inakata hewa.

Nilicheka kama wengine. Moyoni nilitaka kumng'ata Marcelline sikio mpaka meno yakutane.

Lakini siwezi kulitoka kundi. Shamba langu ni la nane, la mwisho kufikiwa. Nikitoka sasa nitakuwa nimewavunia wenzangu bure, na mpunga wangu utapukutika na kuliwa na ndege. Halafu hakuna mwanamke anayeshuka bondeni peke yake. Watu wa bunduki wanalala msitu wa upande ule, na tunajua waliotoka peke yao hawakurudi.

Jumanne 7 Januari

Viboko viwili. Nilijitahidi mno, hata kichwa kimeuma.

Niandike kuhusu Emmanuella. Mwezi uliopita nilijikata kiganja kwa kisu changu mwenyewe, nikapelekwa hospitali ya Kasongo kushonwa. Chumba cha pili alikuwapo yeye, mama anayesikiliza watu waliovurugwa kichwa na vita. Nilimwambia changu hakikuvurugwa na vita, nilizaliwa nacho hivi hivi. Akaniuliza maswali mpaka jua likageuka: shuleni nilikuwaje, napoteza nini, nani alinipiga na kwa nini. Mwisho akaandika kwenye karatasi herufi nne, TDAH, akasema si ujinga, si uchawi, si kiburi. Ni jinsi kichwa kinavyoshika mambo na kuyaachia.

Sikufurahi. Nilikasirika mpaka nikalia. Mwalimu wa darasa la pili alinivunja kidole cha kati kwa rula ya mbao kwa sababu nilitazama dirishani. Mume wangu alinifukuza nikiwa na michubuko usoni kwa sababu nilisahau mbuzi malishoni mara ya tatu. Watu wote hao walinipiga ili niwe mtu ambaye siwezi kuwa.

Emmanuella alisema niwaombe ninaofanya nao kazi vitu vidogo visivyomgharimu mtu. Tuliviandika pamoja. Waniite jina, wangoje niwatazame, ndipo waseme. Wanipe neno moja la kazi, nikimaliza wanipe la pili. Wanipe kazi ya kutembea, kama kubeba vikapu, badala ya mstari. Na zamu yangu ya kulinda wavunaji dhidi ya watu wa bunduki ikifika, nilinde nikitembea.

Jumatano 8 Januari

Sijaomba. Nimeogopa. Viboko vitatu.

Alhamisi 9 Januari

Nimeomba.

Ilikuwa wakati wa kula muhogo, shambani kwa Hidaya, mmoja wetu. Nilisimama, maana nikikaa maneno yananikimbia, nikasema yote manne kwa mfululizo, nikaonyesha karatasi. Hidaya aliichukua, akaigeuza juu chini, akasema magonjwa ya Wazungu sasa yanapanda pikipiki mpaka Wamaza. Wakacheka sana. Mmoja aliuliza kama na yeye anaweza kupata karatasi ya kutopika.

Marcelline hakucheka. Alimaliza kutafuna, akafuta kisu kwenye kitenge.

"Falonne, nikikupa weye ya kwako, kesho Hidaya atakuya na mugongo yake, kesho kutwa mwingine atakuya na miguu. Likilimba itakufa. Hapa kila mutu anakata njia yake."

Nilimwambia nakata njia yangu na fimbo yake juu, na bado mapengo yapo, basi fimbo imesaidia nini. Alinipiga palepale, cha bega, nimesimama na muhogo mkononi. Alasiri nikapata vitatu vingine.

Ni Olga peke yake aliyenifuata njiani tukirudi. Ana miaka ishirini na miwili, mke wa Christophe, njia yake ya kukata huwa jirani na yangu. Alisema vingine hawezi, yeye si kapita, lakini kuita jina anaweza.

Ijumaa 10 Januari

Leo Olga, anayeniita Yaya kama dada yake mkubwa, kila mara anasema, "Yaya Falonne, niangalie kwanza." Ninamwangalia, ndipo ananiambia: umeruka hapo, rudi. Kiboko kimoja tu siku nzima. Kimoja. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumapili 12 Januari

Misa ndefu. Nimetoka nje mara tatu. Hidaya, ambaye ni Mwislamu, alikuwa amekaa kando ya barabara, akanicheka mara zote tatu.

Jumatatu 13 Januari

Nimempasua Marcelline mdomo.

Asubuhi aliniagiza, akiwa amenipa mgongo na akizungumza na wengine, nichote maji kijitoni, nifunike bidoni, dumu letu la maji, niiweke kivulini, nirudi na majani ya kufungia masuke. Niliyasikia majani. Bidoni niliiacha wazi juu ya jiwe, ikaanguka. Saa sita wanawake wanane hawakuwa na tone la maji, na kijito kiko upande wa msitu ambako hatuendi mara mbili kwa siku.

Akaja na fimbo. Cha kwanza mgongoni, sawa. Cha pili mgongoni. Cha tatu nilikinga kwa mkono, kikanipata kiganjani kwenye kidonda, uzi wa mshono ukakatika, damu ikatoka. Sijui niliamua nini. Najua tu kwamba kikapu kilikuwa mkononi mwangu na ukingo wake ulimpata mdomoni. Alianguka akitema damu na jino. Nikamrukia juu. Nilimpiga ngumi, nikahesabu tano, na uso wangu ulikuwa unacheka, Olga aliniambia baadaye. Hidaya alinivuta kwa nywele. Wengine walinipiga mateke ya mbavu mpaka nikaacha.

Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Sijuti jino lile. Labda kesho.

Jumanne 14 Januari

Hukumu ya kundi: nitoke, au nile viboko kumi na kisha nilinde siku nzima Ijumaa juu ya kichuguu, mahali pa mlinzi, nimekaa, bila kushuka. Nilikuwa sijapewa ulinzi msimu huu. Marcelline mwenyewe alikuwa akiniruka.

Nimechagua viboko. Mpunga wangu umekuwa manjano. Walinilaza juu ya mkeka, Hidaya akashika miguu. Marcelline alipiga polepole, hakutukana, hakuongeza hata kimoja. Nilikojoa kwenye cha saba. Hakuna aliyecheka, na hilo nalo liliniuma.

Jumatano 15 Januari

Sijuti jino lile, lakini leo Olga ameniambia jambo.

Miaka mitatu iliyopita, kabla sijahamia huku, mlinzi wa zamu alishuka kichuguuni kwenda kuchuma uyoga. Watu wa bunduki wakatokea. Walimchukua Léontine, mdogo wake Marcelline, mbele ya macho yake. Mpaka leo hakuna habari. Tangu siku ile sheria ya Marcelline ni moja: mlinzi hakanyagi chini.

Kumbe nilipoomba kulinda nikitembea, nilimwomba jambo lile lile lililomla ndugu yake. Nilikuwa nimemwona kama jiwe lenye fimbo. Sasa namwona mwanamke anayesimama nyuma yetu kutwa ili tusimtoke machoni. Bado ninamchukia. Ila sasa ninamchukia nikiwa namjua.

Alhamisi 16 Januari

Mvua. Hatukwenda.

Jumatatu 20 Januari

Ninaandika ya Ijumaa. Nimejaribu siku tatu.

Tulikuwa shambani kwa mwenzetu wa sita. Kichuguu kiko ukingoni juu, kina kisiki cha mti pembeni yake. Mlinzi hukaa kileleni na jante, rimu kuukuu ya pikipiki, na chuma cha kuigonga. Akiona mtu, anagonga, wote wanakimbilia njia ya kijijini.

Kabla sijapanda nilimwomba Marcelline tena. Nilimwita Mama. Nilisema niache nizunguke shamba, nigonge mara moja kila nikimaliza mzunguko, mtajua nipo, mtajua niko wapi. Nikikaa kitako nitaondoka bila kuondoka. Alinisikiliza, midomo yake bado imevimba kwa sababu yangu. Nilidhani anakubali. Kisha akafungua kamba ya kikapu.

"Hii haiko fimbo," alisema. "Unasemaka kichwa yako inatembea. Basi nitafunga mguu, kichwa itarudi yenyewe."

Akanifunga kifundo cha mguu kwenye kisiki, fundo juu ya fundo, na kisu changu akakichukua nisije nikaikata. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama inabana. Nilimtukana matusi ya mama yake na bibi yake, naye akalegeza kidogo, akashuka kwenda kazini. Nadhani aliamini kabisa amenisaidia.

Saa ya kwanza nilitazama. Saa ya pili nilitazama. Kisha siafu walianza kupanda mguu uliofungwa, nikawapangusa, nikaliona fundo. Lilikuwa fundo la ajabu. Nililifuata kwa macho, kamba inaingia wapi, inatokea wapi, nikarudia, nikaanza kulilegeza kwa kucha. Sitasema uongo hapa. Nilikuwa ninatazama fundo.

Nilipoinua kichwa walikuwa ndani ya mpunga, wanaume wanne, wametoka upande wa chini ambao ukikaa kichuguuni huuoni vizuri. Mmoja bunduki, watatu mapanga. Niligonga jante. Niligonga kama mwendawazimu. Wanawake wakatupa vikapu, wakakimbia. Bunduki ililia mara mbili, hewani au siyo hewani, sijui. Niliruka, kamba ikanirudisha, nikaanguka kifudifudi.

Olga alikuwa amekwisha kufika njiani. Aligeuka. Nilimwona akigeuka, nikampigia kelele aende. Alikuja na kisu chake kidogo cha mpunga, akapiga magoti, akaanza kukata kamba. Alisema, "Yaya Falonne, niangalie." Nikamwangalia yeye. Kwa hiyo sikumwona wa panga mpaka panga lilipokuwa limekwisha kushuka. La kwanza begani karibu na shingo. La pili alilikinga kwa mkono, nao ukakatika kwenye kiwiko, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Aliniangukia. Damu yake ilinijaa macho na mdomo.

Yule mtu alinitazama mimi, akatazama kamba, akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Walinipiga kwa kitako cha bunduki, meno mawili yametoka, mbavu sijui ngapi. Walibeba mpunga wote uliovunwa wakaondoka bila haraka.

Kamba ilikuwa imebaki nyuzi chache. Niliikata kwa kisu cha Olga, nikambeba mgongoni. Nilitembea naye mpaka nilipokutana na wanaume wa kijiji. Walimweka kwenye pikipiki kumkimbiza hospitalini Kabambare. Alifia njiani, kwenye tope, wakati wanasukuma.

Jumanne 21 Januari

Tumemzika. Sikuruhusiwa kusogea karibu.

Jumatano 22 Januari

Wanasema nililala. Wanasema nilikuwa nacheza. Hidaya amemwambia Christophe kwamba hakukuwa na kamba yoyote, kwamba nilishindwa kukimbia kwa woga na Olga akanionea huruma. Hidaya ndiye aliyerudi na wanaume kuokota vikapu. Kamba imepotea. Marcelline hasemi lolote, hakubali wala hakatai, na ukimya wake wameuchukua kuwa ndiyo.

Alhamisi 23 Januari

Christophe alikuja saa nane mchana na kaka zake wawili. Alivunja mlango ambao haukuwa umefungwa. Alinishika koo, akanibana ukutani.

"Sababu gani alirudia? Wenzake wote walikimbia. Sababu gani yeye alirudia?"

Nilimwambia alikuja kunikata kamba. Aliniita muongo, akanipigiza kichwa ukutani, kila pigo neno: muongo, mvivu, mchawi. Nilimwonyesha mguu wenye alama ya kamba. Kaka yake alisema wale watu wa msituni ndio walionifunga. Nilimwambia Christophe aniue basi, na nilimaanisha. Aliniachia, akakaa chini ndani ya nyumba yangu, akalia. Kaka zake walisema Jumamosi, siku ya kumaliza matanga, wasiposikia neno lingine watachoma nyumba hii na mimi ndani.

Hawatanii. Nawajua.

Ijumaa 24 Januari

Nilikwenda kwa Marcelline na mchi wa kinu. Sikwenda kuzungumza. Nilimkuta uani anamenya muhogo, peke yake. Niliinua mchi juu ya kichwa chake. Hakujikinga. Alisema, "Piga, tumalize," kwa sauti ya mtu aliyechoka, na macho yake yalikuwa chini kwenye kisu.

Nilipiga vyungu. Nilivunja vyote vitano, na mtungi, na kinu nikakipasua. Nilikuwa ninapiga kelele kwamba Olga ndiye mtu mmoja tu aliyefanya jambo dogo nililoomba, na ndiye aliyekufa. Kwamba mlinzi aliyemwacha Léontine alikuwa na miguu miwili huru, na mimi sikuwa nayo, na ni yeye aliyenipokonya. Kwamba mimi nilitazama fundo, ndiyo, nitakubali mbele ya yeyote, lakini fundo lilikuwa la nani.

Nikamwachia mchi pale pale.

Jumamosi 25 Januari

Uani kwa Christophe watu walijaa. Galoni ya petroli ilikuwa karibu na miguu ya kaka yake, wala hawakuificha. Nilisimama karibu na mlango wa boma kwa sababu kukaa siwezi na kukimbia sikutaka.

Marcelline alisimama kabla hajaitwa.

"Ni miye nilimufunga Falonne. Alinilomba atembee, nikakatala. Olga alirudia sababu ya kamba yangu."

Christophe aliuliza, "Kama hakukuwa kamba, angelikuwa muzima?"

"Angelikuwa muzima."

Hidaya akaanza kulia. Christophe hakusogea, ni kaka zake. Walimwangusha Marcelline kwa ngumi, wakamburuta mpaka kwenye jiko la matanga, mmoja akaushika mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya mafiga, mwingine akaukanyaga. Niliusikia ukivunjika. Hakupiga kelele. Watu waliwavuta, wakaimwaga petroli.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilitazama mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kichwa changu hakikwenda popote.

Jumanne 28 Januari

Shamba la saba tumelimaliza jana. Kesho ni kwangu. Marcelline amekataa kuwa kapita. Hakuna aliyechukua fimbo. Wamekubaliana mwenye shamba agawe kazi siku yake. Nimelala mchana kwa maumivu ya mbavu.

Jumatano 29 Januari

Walikuja wote. Sita, na mimi wa saba. Njia ya Olga iliachwa wazi katikati ya mstari bila mtu kuambiwa, tukaivuna mwisho.

Niligawa kazi. Hidaya aliniita jina, akangoja nimtazame, ndipo akauliza aanzie wapi. Wengine wakafanya hivyo hivyo, neno moja kwa wakati. Nilisema ulinzi ni wangu, nitazunguka na jante, nitagonga kila mzunguko. Hakuna aliyepinga. Vyote vinne nilivyoomba, nimepewa kabla umande haujakauka. Vimekuwa vyepesi hivyo, na vilikuwa vyepesi hivyo tangu mwanzo. Niliokota jante.

Kisha Marcelline akaja mbele yangu, mkono umefungwa vipande vya mianzi, umevimba mpaka vidole vinang'aa. Alisubiri nimtazame.

"Falonne, mukono hauwezi kisu. Nilombe kazi ingine, hata kubeba kikapu kwa kichwa."

Wote waliacha kusogea. Niliangalia ule mkono vizuri. Nilikumbuka panga, nikakumbuka mkeka, nikakumbuka aliponiuliza kama kamba inabana.

Nikasema hapana. Nikasema achukue njia yake.

Akaenda. Alikata kwa mkono wa kushoto, suke analiminya kwa kidevu kwenye bega, kisu kinaanguka, anainama, anakiokota. Kila nilipopita nikigonga jante nilimkuta amesogea hatua tatu, nne. Nyuma yake mapengo. Jasho lilimtoka kama mtu wa homa, na mara moja alitapika pembeni, akafuta mdomo, akarudi. Hakunitazama tena. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu shamba ni langu na neno lilikuwa langu. Hidaya alinitazama mara moja tu, na nililijua jicho lile, kwa sababu ndilo jicho nililokuwa ninamtazama nalo Marcelline msimu wote.

Saa sita nilimpa kikapu abebe. Hakusema asante, na mimi sikuitaka. Toka asubuhi mpaka saa sita ni muda mrefu kwa mtu anayepewa kazi ambayo mwili wake hauiwezi, na wenzake wanamtazama. Katika wote tuliokuwa pale, ni mimi niliyeujua vizuri zaidi urefu wake, na ni mimi niliyemwachia aupite wote.

Mpunga umeingia ndani. Ni mwingi kuliko wa mwaka jana.